Mameneja watano, daftari moja

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo nimekaa jikoni, mnivumilie na hii taa. Berlin Desemba hii saa kumi jioni giza limeshaingia, na taa za studio mimi sina.

Kuna mdogo wangu mmoja kaniandikia wiki iliyopita. Yuko halmashauri, ameajiriwa, mwaka wa tatu huu. Sasa kapata nafasi Dar kwenye kampuni changa inayokua kwa kasi, mshahara karibu mara mbili. Ananiuliza, "Dada, niache?" Mdogo wangu, hilo siwezi kukuamulia. Mama yako akinifuata Muleba nitamjibu nini? Ila nikueleze yaliyonikuta mimi, maana nilikaa miezi 20 kwenye kampuni ya namna hiyo. Jina silitaji.

Ilikuwa 2021. Mnakumbuka korona, watu wamefungiwa ndani. Hapa mjini zikaibuka kampuni za kukuletea maziwa na mkate mlangoni kwa dakika kumi. Mikopo ilikuwa rahisi, wawekezaji wanamwaga hela kama wamelewa. Gorillas, mimi sikufanya kazi kwao, ilianzia hapa Berlin mwaka 2020, na kabla haijamaliza mwaka ikathaminiwa zaidi ya dola bilioni 1. Kampuni ya kupeleka vitunguu!

Mimi nilikuwa mwanafunzi, nafanya saa 20 kwa wiki kwenye ghala. Ghala lenyewe ni kama duka, ila mteja haingii. Rafu zina namba, simu ikilia unakimbia na kikapu, una dakika mbili umalize kukusanya, na mwenye baiskeli kasimama mlangoni anakutazama. Mwezi wa kwanza miguu ilivimba mpaka nikawa navaa viatu vya mwenzangu, mwanamume.

Sasa ngoja niwaambie habari ya ndizi.

Kwenye mfumo wao ndizi ziliandikwa "matunda", na matunda yote yalikaa chumba cha baridi. Mimi ni Mhaya. Naingia mle asubuhi nakuta ndizi zimekuwa za kijivu, mchana nyeusi, jioni zinatupwa. Ndizi ikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 13 hivi, ganda linaungua. Bibi yangu hajawahi kumiliki friji na hilo analijua. Nikamwambia kiongozi wa zamu, akasema sawa. Kesho yake kiongozi ni mwingine. Nikamwambia na huyo, naye akasema sawa.

Nikaona huku maneno hayakai. Nilikuwa na daftari langu la kaunta, kwaya mbili, nililotoka nalo nyumbani, hili hapa, mnaliona jalada lilivyochoka. Wiki mbili nikapima kila siku kilo za ndizi zinazotupwa, tarehe na bei. Siku nyingine kilo 11. Kisha nikapiga picha ukurasa, nikamtumia meneja wa ghala na mistari mitatu tu: tatizo hili, hasara hii, zihamishiwe rafu kavu. Siku ya pili zikahamishwa. Baada ya mwezi makao makuu wakauliza ni nani aliyeandika vile, na nilipomaliza masomo nikaitwa ofisini.

Hapo ndipo utamu ulipoanza, na hapo ndipo nilipojidanganya. Ndani ya mwaka nilibadilishiwa cheo mara tatu. Mara ya mwisho nikaitwa Msimamizi Mwandamizi, nina miaka 27, hata uwandamizi wenyewe sijui ni wa nini. Kijijini wakasikia, baba akatangaza kanisani. Lakini nikikaa chini nikajiuliza ukweli, nilipanda kwa sababu viti vilikuwa vitupu. Maghala yalifunguliwa kila wiki, watu hawatoshi, aliyepo karibu anakalishwa. Kazi za cheo kile sikuwahi kufundishwa na mtu. Nilikuwa nazima moto tu, huu ukizimika unawaka ule.

Na mameneja! Miezi 20, mameneja watano. Wa tatu alikaa wiki sita, mpaka leo nikikutana naye kwenye treni sina hakika kama atanitambua. Kila akija mpya naanza upya kujieleza mimi ni nani na nimefanya nini.

Kuhusu hisa nitapita haraka, maana bado inauma. Walitupa hisa za kivuli, yaani ni ahadi kwenye karatasi kwamba kampuni ikiuzwa kwa bei nzuri utapata chako. Nilizoea mchezo wa kijumbe, ambao zamu yako unaijua na hela unaishika. Hii zamu haikufika.

Julai 2022 Benki Kuu ya Ulaya ikapandisha riba kwa mara ya kwanza baada ya miaka 11. Hela ya bure ikakauka. Wale wale waliokuwa wanatuhimiza tukue, tukue, sasa wakawa wanauliza faida iko wapi. Gorillas iliuzwa kwa Getir ya Uturuki mwishoni mwa mwaka ule, na 2024 Getir yenyewe ikafunga virago Ujerumani. Sisi tuliitwa kikao cha video cha dakika kumi na tano, asubuhi. Kabla ya saa sita mchana kompyuta yangu ilikuwa imefungwa.

Wakanipa karatasi ya "kuachana kwa makubaliano". Kalamu nimeshaishika. Kaka mmoja wa Bukavu tuliyefanya naye ghalani akanivuta pembeni, "Dada, usisaini leo. Soma kwanza." Kumbe hapa ukikubali kuondoka mwenyewe, ofisi ya ajira inaweza kukuzuilia malipo ya wasio na kazi hadi wiki 12. Na kibali changu cha kuishi kilikuwa kinategemea kazi ile. Yule kaka nikipika pilau lazima nimpelekee.

Halafu ikaja barua ya sifa, Wajerumani wanaiita Arbeitszeugnis. Ni haki yako kisheria, na kila mwajiri atakuomba. Yangu iliandikwa na dada wa rasilimali watu ambaye hatujawahi kuonana. Nikasoma: ametekeleza kazi "zu unserer vollen Zufriedenheit", kwa kuridhika kwetu kamili. Nikafurahi, nikamtumia mwalimu wangu wa Kijerumani. Akanipigia simu. "Hii ni C," akasema. Barua hizi zina lugha ya ndani. Ukitaka A lazima waandike "stets", yaani daima, na "vollsten". Yakikosekana yote mawili, mwajiri mwingine anaelewa ulikuwa wa kawaida.

Wa kulalamikia sasa ni nani? Mameneja wote watano walishaondoka. Nikafungua daftari. Ukurasa kwa ukurasa, tarehe, tatizo, nilichofanya, kilichobadilika. Nikatoa mambo 14, nikawatumia, nikaomba sentensi ile irekebishwe. Baada ya wiki tatu ikarudi na "stets", ila "vollsten" hawakutoa. Kwa hiyo B. Nikaichukua.

Kampuni niliyopo sasa inasafirisha dawa zinazohitaji ubaridi. Ni ya zamani, mambo yake taratibu, meneja wangu ana miaka 19 pale pale. Siku ya usaili cheo changu hakukigusa kabisa. Alisoma ile orodha ya mambo 14, akaweka kidole namba mbili, akasema, "Hebu nieleze hizi ndizi." Tukazungumza ndizi dakika arobaini.

Mdogo wangu wa halmashauri, kabla hujaandika barua ya kuacha, wapigie hao wa Dar uwaulize meneja utakayekuwa chini yake amekaa miezi mingapi, na aliyemtangulia alikaa mingapi. Wakikujibu, niandikie.