Kitabu cha Chama Mbele ya Jaji

(Mhadhara uliotolewa kwa viongozi wa vyama vya akina mama vya kuweka na kukopeshana pesa, Nairobi)

Mwenyekiti, waweka hazina, makatibu, mama zangu na dada zangu, na nyinyi wanaume wachache mlioketi karibu na mlango kana kwamba mna haraka, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie mashirika yanayotetea haki za wanawake nchini mwetu. Nitayazungumzia, lakini nitapitia mlango mmoja tu, wa mali ya ndoa. Wengi wenu hamjawahi kuandamana, na huenda hamtaandamana, ila sidhani kuna mama humu ndani ambaye hajawahi kununua simenti. [Kicheko]

Tuanze na sheria tuliyokuwa nayo. Hadi mwaka 2013, mume na mke wakigombea nyumba mahakamani hapa Kenya, jaji alikuwa anafungua sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Si kwamba hatukujaribu kutunga yetu. Tume ya kuchunguza sheria za ndoa iliundwa mwaka 1967, ikatoa ripoti mwaka uliofuata. Mswada uliotokana nayo ulipelekwa Bungeni ukaangushwa mwaka 1976, ukarudishwa ukaangushwa tena 1979. Wapo wabunge waliolalamika waziwazi kwamba mswada ule utawanyima waume ruhusa ya kuwachapa wake zao. Waliyasema hayo wakiwa wamevaa suti, ndani ya Bunge la Jamhuri.

Sasa mtauliza, mashirika ya wanawake yalikuwa wapi? Yalikuwepo. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa 1952 chini ya serikali ya kikoloni, na mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Shirika hilo lilikuwa na wanachama hadi kwenye lokesheni zisizofikiwa na barabara. Nguvu hiyo ndiyo iliyowavutia wanasiasa, na mwaka 1987 likafungwa nira moja na chama tawala cha KANU. Mtu akishakulipia ukumbi, akakuletea lori la kukubeba na leso za kuvaa, ajenda anaandika yeye. Sisemi hivi kuwadharau mama zetu wa wakati ule. Walifundisha lishe, walijenga nasari, walikopeshana. Lakini shirika lililofungamana na chama tawala halingeweza kumwambia mbunge wa chama hicho hicho kwamba sheria yake inawadhulumu wanachama.

Upande wa pili kuna FIDA Kenya. Julai 1985 dunia nzima ya wanawake ilikutana hapa Nairobi, pale ukumbi wa KICC, kwa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake. Mwaka huo huo mawakili wanawake wakaunda FIDA. Hao walijua sheria, walijua njia ya kwenda kortini, na walianza kuwasimamia wanawake wasio na pesa za wakili. Ila walikuwa wachache, na ofisi zao zilikuwa mijini.

Nikiangalia miaka ile naona jambo moja ambalo bado linatusumbua. Wenye wanachama hawakuwa na mawakili, na wenye mawakili hawakuwa na wanachama. Na hawa wawili hawakukutana vya kutosha.

Turudi mahakamani. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ambayo kila wakili wa familia anaijua, kesi ya Echaria, mume na mke waliogombea mali. Majaji walisema kwamba kuwa mke, kulea watoto na kutunza nyumba si mchango wa kununua mali. Onyesha pesa ulizotoa. Majaji wenyewe walisikitika kwamba Bunge halijatunga sheria ya kueleza vinginevyo, lakini masikitiko ya jaji hayagawi shamba. Mama akapata robo badala ya nusu aliyokuwa amepewa na Mahakama Kuu.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 45(3) kinasema waliooana wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa ndani ya ndoa, na ndoa inapovunjika. Tukapiga vigelegele. Wengi tuliamini hesabu imekwisha: sawa kwa sawa, nusu kwa nusu.

Haikuwa hivyo. Sheria ya Mali ya Ndoa ilipofika Bunge la Kitaifa mwishoni mwa 2013, kifungu cha saba kilitoka kikisema mali itagawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja. Kumbukeni Bunge lile lilivyokuwa. Maeneobunge 290, na wanawake waliochaguliwa katika maeneobunge hayo walikuwa 16. Ongezeni wawakilishi wa kaunti 47 na wachache walioteuliwa, bado hamfiki theluthi moja. Ile theluthi inayotakiwa na Katiba na kupiganiwa tangu 2010, ambayo ilimfanya Jaji Mkuu Maraga amshauri Rais avunje Bunge mnamo Septemba 2020, watu huiona kama vita vya wanasiasa wanaotafuta viti. Mimi nauona upungufu wake katika kifungu cha saba.

Hata hivyo tulipata kitu kikubwa ndani ya sheria hiyo hiyo, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani tulirudi mikono mitupu. Sheria inaeleza maana ya mchango, na inasema si pesa peke yake. Kazi za nyumbani ni mchango. Kulea watoto ni mchango. Kuwa mwenzi wa mtu ni mchango. Kusimamia biashara ya familia na kulima shamba la familia, hiyo yote ni mchango. Kesi ya Echaria ikazikwa hapo.

FIDA hawakuridhika. Walienda Mahakama Kuu wakidai kifungu cha saba kinapingana na Katiba. Mwaka 2018 ombi lao likatupwa. Lakini hawakuliacha suala, na lilipofika Mahakama ya Upeo katika kesi ya watu wengine, walikuwepo kama marafiki wa mahakama, yaani wasio na kesi wanaoruhusiwa kuwashauri majaji.

Kesi hiyo iliamuliwa Januari 2023, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu inawahusu moja kwa moja. Ni mume na mke wa hapa hapa Nairobi, wana nyumba ya kuishi na vyumba vya kupangisha vilivyojengwa kwenye ploti iliyoandikwa jina la mume. Mke alikuwa ameajiriwa. Mahakama Kuu ilimpa asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufaa ikampa nusu. Mahakama ya Upeo ikakubali ile nusu, halafu ikaongeza neno lililowashtua wengi: nusu hii si ya moja kwa moja. Usawa wa kifungu cha 45 haumaanishi kwamba kila ndoa ikivunjika mali inakatwa katikati kama mkate. Huyu amepata nusu kwa sababu ameonyesha mchango wake.

Siku ile ile, mahakama ile ile ilitoa uamuzi mwingine kuhusu watu walioishi pamoja miaka mingi Dagoretti bila ndoa kuthibitishwa. Hapo mwanamume ndiye aliyekuwa akidai kwamba wameoana, naye mwanamke akikana. Mahakama ikasema hakuna ndoa ya kudhaniwa, lakini ikagawa mali kwa kuangalia nani alichangia nini: asilimia 70 kwa mwanamke, 30 kwa mwanamume. Nyinyi mnaoishi njoo-tukae, sikilizeni hapo. Majaji walisema wazi kwamba ile desturi ya kudhania watu wameoana kwa sababu wamekaa pamoja imefika ukingoni. Ndoa ya kimila inaweza kuandikishwa sasa na mkapewa cheti. Nendeni mkaandikishe.

Basi kesi zote mbili zimeishia pale pale, kwenye ushahidi. Jaji hakuulizi kama ulikuwa mke mwema. Anakuuliza una nini mkononi.

Sasa niwape mfano wa kubuni, msitafutane humu ndani. Mama wa Kayole ana kibanda cha mboga. Mume ni dereva. Wamenunua ploti Ruai kwa makubaliano ya mauzo yenye jina la mume. Mama amechukua mkopo wa chama shilingi 60,000, akanunua mawe ya Ndarugo na mabati, akamlipa fundi kwa M-Pesa. Mume akalipa karo mwaka huo, kwa sababu pesa za mama zimeingia kwenye msingi. Miaka 10 baadaye wanaachana. Mume anasimama kortini na makubaliano yake ya mauzo. Mama anasimama na nini? Anasimama na maneno, "Mheshimiwa, nilisaidia." Risiti ya hadwea ilifutika wino mwaka ule ule. Namba ya M-Pesa alibadilisha.

Lakini kuna kitabu kimoja ambacho kila Jumapili kilifunguliwa mbele ya watu 20. Kina tarehe, kina jina lake, kina kiasi, kina sahihi ya mweka hazina. Kama katibu alikuwa makini, kina hata sababu ya mkopo. Hicho ni kitabu chenu. Nimeviona vingi: jalada jeusi lenye mgongo mwekundu, kurasa zimechorwa kwa rula, doa la chai pembeni. Na katika vingi nilivyoviona, safu ya sababu iko tupu, au imeandikwa "maendeleo". Maendeleo gani? Andikeni "mawe na mabati, ploti ya Ruai". Maneno sita. Mwanachama akilipa, andikeni amelipa kutoka wapi: faida ya mboga, mshahara, kuuza ng'ombe. Kisha katibu na mweka hazina wawe tayari kuitwa mashahidi, maana kitabu bila mtu wa kukithibitisha wakili wa upande wa pili atakichezea.

Taarifa ya M-Pesa nayo ichukueni mapema, kamili, msitegemee picha ya simu. Ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti cha kueleza umetoka kwenye kifaa gani na nani aliutoa, na picha tupu hupingwa. Kadi za kliniki na barua za shule zenye sahihi yako kama mzazi zinaonyesha nani alikuwa analea. Na wewe uliyeolewa mke wa pili au uliye wa kwanza, jueni kwamba mali iliyopatikana na mume na mke wa kwanza kabla ya mwingine kuingia ni ya hao wawili. Tarehe ya risiti hapo ni kila kitu.

Najua swali linalonong'onwa huko nyuma. Je, kuweka risiti si kujiandaa kuachika? Mbona wanaume huweka hatimiliki kwenye sanduku lenye kufuli na hakuna anayewaambia wanajiandaa kuachika? [Kicheko, makofi] Isitoshe, karatasi hizo hazisubiri talaka. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Ukiwa na uthibitisho wa maslahi yako unaweza kuomba zuio liwekwe kwenye hati kabla mnunuzi hajalipa. Na mume akifariki, shemeji wakija na lori kubeba masofa, utakuwa na la kusema mbele ya chifu.

Nina neno pia kwa mashirika, na baadhi ya maafisa wao wamo humu. Mnafanya kazi ngumu kwa pesa zinazokauka. Lakini mafunzo yenu mengi yanafanyika hotelini, kwa siku mbili, kwa projekta, na mwishoni mnahesabu sahihi za waliohudhuria kwa sababu mfadhili anataka idadi. Mfadhili haulizi ni wanawake wangapi leo wana nakala ya makubaliano ya mauzo ya ploti yao. Mwambieni aanze kuuliza. Mtumeni wakili mmoja aketi na chama Jumapili alasiri, apitie kitabu, aonyeshe safu zinazokosekana, aondoke. Hahitaji projekta. FIDA wamekuwa wakiwafundisha wanawake kujisimamia wenyewe kortini, na kazi hiyo ni njema. Ila anayejisimamia bila karatasi amesimama tu.

Nanyi wa vyama msingoje mashirika. Msikubali pia mwanasiasa awanunulie hema na viti kisha achague mwenyekiti wenu. Tulishaona mwaka 1987 mambo hayo yanavyokwenda, na sasa msimu wa kura ukikaribia kila chama kina mlezi.

Mwenyekiti ameniashiria muda. Wawekahazina waliokuja na vitabu wabaki. Dada zetu mawakili wawili watakaa kwenye meza ile ya kushoto, wataangalia kitabu kimoja kimoja, na hawatoi nakala wala hawaandiki jina la mtu. Kama unataka kufanya sachi ya ploti yako, yaani kuangalia kwenye rejista ya ardhi imeandikwa jina la nani, uliza namba ya hati kwanza nyumbani. Usiponong'onezwa namba hiyo, hilo nalo njoo ulitaje pale mezani.