Kushuka Ndiko Kunakomaliza Miguu: Mazoezi ya Mbio za Milimani, Bukavu

BAHATI: Hamjambo wasikilizaji wa Bukavu yetu, Ibanda, Kadutu, Bagira, na ninyi mlio mbali na nyumbani. Leo tuna swali kutoka mtaa wa Karhale. Kijana anapanda kilima kila asubuhi, pumzi anayo ya kutosha. Lakini alipokwenda kukimbia njia ndefu ya milimani, siku mbili baadaye alishuka ngazi za kwao akishikilia ukuta. Yaya Furaha, dada yetu mkubwa, shida iko wapi?

FURAHA: Kupanda anakujua. Shida ni kushuka, na wakimbiaji wengi wa mji huu wako hivyohivyo. Tunamsifu mtu kwa jinsi anavyopanda tu. Akishafika juu, anachukua taksi-moto kurudi, au anateremka polepole huku akiongea na simu.

BAHATI: Lakini yaya, mtu akishuka si anapumzika?

FURAHA: Mapafu yanapumzika, paja halipumziki. Ukipanda, misuli ya mbele ya paja inajikaza na kufupika. Ukishuka, misuli hiyohiyo inajikaza huku ikivutwa irefuke, maana kila hatua inabidi izuie uzito wako usiporomoke. Hapo nyuzi zake zinachanika kidogokidogo. Ndiyo sababu maumivu hayaji siku ileile, yanapamba moto kesho yake au kesho kutwa.

BAHATI: Kumbe! Na dawa yake?

FURAHA: Ni kushuka kwenyewe, kwa kipimo. Mwili una jambo la ajabu: ukiupa mteremko leo ukaumia kidogo, kisha ukaupumzisha vizuri, mara nyingine kazi ileile inauumiza kidogo sana. Kinga hiyo inadumu wiki kadhaa. Kwa hiyo chagua siku moja kwa wiki, ushuke mara tatu au nne kwa mwendo wa wastani, uongeze taratibu. Kama una mashindano, mteremko mkali wa mwisho uufanye kama wiki mbili kabla. Misuli itakuwa imepona, na kinga bado ipo.

BAHATI: Na mwili tuuweke vipi?

FURAHA: Hatua fupi, za upesi. Mwenye hofu anajivuta nyuma na kukita kisigino mbele. Kila kisigino ni breki, na anayeilipia ni goti. Legeza magoti, fuata mteremko kwa kifua, tanua mikono kidogo ikusaidie kusimama sawa. Macho usiyaelekeze kwenye vidole vya miguu, yatangulie hatua kadhaa, mguu uwe umeshachaguliwa pa kukanyaga kabla haujafika.

BAHATI: Ndugu zetu wa Goma wana mawe ya lava, makali lakini yanashika kiatu. Sisi mvua ikinyesha udongo wetu mwekundu unakuwa sabuni.

FURAHA: Hapo kiatu kina kazi. Tafuta chenye meno marefu chini, yaliyoachana, ili tope lidondoke. Hata kwenye mitumba sokoni vinapatikana, kigeuze tu uangalie soli kabla ya kukubali bei. Na funga kamba vizuri, kidole kisigonge mbele unaposhuka, la sivyo utarudi na kucha nyeusi.

BAHATI: Turudi kwenye kupanda. Kuna watu wanaona aibu kutembea.

FURAHA: Aibu hiyo iishe leo! Watafiti wamelipima jambo hili. Mwinuko ukizidi nyuzi 15 hivi, kwa kasi ileile, kutembea kunakula nguvu kidogo kuliko kukimbia. Nyuzi 15 ni kama kupanda mita moja kwa kila mita nne unazosonga mbele, na vichochoro vyetu vingi vinafika hapo. Watazame mama zetu wanaobeba magunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hatua ni fupi, wayo mzima unakanyaga, hakuna kurukaruka. Njia ikiwa wima sana, wanaikata kwa upande, kushoto, kisha kulia. Mwendo wanaoanza nao chini ndio huohuo wanaofika nao juu.

BAHATI: Na wao hawafanyi mchezo, yaya.

FURAHA: Hata kidogo. Ni kazi nzito mno na malipo ni madogo. Nawataja kwa heshima, kwa sababu ujuzi huo wanao kweli na hakuna anayewauliza.

BAHATI: Nje huko kuna mbio za kupanda peke yake. Ile inayoitwa kilomita wima: mita 1,000 za kupanda, ndani ya njia isiyozidi kilomita tano. Na Mkenya Patrick Kipngeno alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mwaka 2022 na 2023.

FURAHA: Ndiyo maana nasema mazoezi ya mlima tusiyahesabu kwa kilomita. Hesabu mita ulizopanda na muda uliokaa njiani. Ukiwa na kilima cha mita 80, ukikipanda mara kumi umepata mita 800, bila kutoka mtaani kwako. Siku nyingi nenda kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea. Sisi tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati kilele cha mlima Kahuzi kiko kwenye 3,308. Kule kila pumzi inakupa kama theluthi mbili tu ya oksijeni ya ufukweni mwa bahari, na anayeanza kwa pupa atasimama.

BAHATI: Na kijana wetu wa Karhale aanzie wapi wiki hii?

FURAHA: Maumivu yaishe kwanza. Kisha asimame kwa mguu mmoja kwenye ngazi ya chini, aushushe mguu mwingine polepole, akihesabu hadi nne, kisigino kiguse sakafu, arudi juu. Mara nane kila mguu, goti lisiingie ndani. Baada ya hapo ndipo aende kilimani, ashuke mara tatu. Lakini kama goti limevimba au linauma ndani kabisa, amwone daktari kabla ya yote.

BAHATI: Asante, yaya. Wiki ijayo tutajibu swali la chakula na maji ya safari ndefu. Tuandikieni.