Msimtafute mtu siku ya shida tu

Habari zenu huko nyumbani, wadogo zangu wa Dar, Mwanza, Mbeya na kokote mnakonitazama. Wengi mnaniuliza: dada, kazi itapatikanaje kama sina ndugu ofisini?

Sikilizeni. Hapa hapa Massachusetts ninapoishi, kuna mji unaitwa Newton, pembeni ya Boston. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwahoji watu wa huko waliokuwa wamebadilisha kazi, akachapisha matokeo mwaka 1973. Kwa wale waliopata kazi kupitia mtu, aliuliza: mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosaidiwa na mtu wa kuonana naye angalau mara mbili kwa wiki hawakufika hata asilimia 17. Zaidi ya nusu walisaidiwa na mtu wa kuonana naye mara mojamoja, na zaidi ya robo na mtu wa mara moja kwa mwaka au chini ya hapo!

Na ukifikiri, ni kweli. Rafiki wa kila siku mko naye kwenye magrupu yaleyale, mnaona matangazo yaleyale. Yule uliyesoma naye Mzumbe akahamia Dodoma anasikia usiyoyasikia.

Sasa mnafanyaje? Mtu anamaliza field, yaani mafunzo kwa vitendo ofisini, anaaga, na msimamizi wake ndiyo basi tena. Miaka inapita, tangazo la Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, linataka wadhamini watatu, yaani watu wanaokufahamu wa kuulizwa habari zako, ndipo anaandika, "Shikamoo bosi, unanikumbuka?" Atakukumbukaje, mdogo wangu?

Msalimie wakati huna shida. Mwambie umefaulu mtihani wa CPA, ule wa uhasibu, na ile kazi ya kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa za benki aliyokufundisha imekusaidia. Usiombe kitu, ishia hapo. Siku ukiona nafasi inayomfaa mwanawe, mtumie.

Na walio chini yenu, jamani! Hili naliongea kwa uchungu. Mwanafunzi wa field analetwa ofisini, kazi yake inakuwa kutoa kopi na kufuata chai. Mkalishe, mwonyeshe kazi. Huyo naye ana safari yake, na atakumbuka nani alimfundisha.

Halafu, kabla hujaandika jina la mtu kuwa mdhamini wako, mpigie umwombe ruhusa. Mtumie tangazo lenyewe na CV yako, ili akiulizwa ajue la kusema. Kama kuna anayetaka nimsomee ujumbe wake kabla hajautuma, auweke hapo chini, nitausoma.