Mayai ya mashmelo ya Pasaka: toa nyuzi 6 kama uko Nairobi

Habari za huko nyumbani, jameni. Huku Marekani baridi imeanza kulegea, Pasaka imebisha hodi, na madukani rafu zimejaa mayai ya mashmelo, ile peremende laini kama sifongo, yaliyovikwa chokoleti. Leo tunayapika. Ila napika nikikufikiria wewe uliye Umoja, Kasarani au Rongai, kwa sababu ukifuata mapishi ya huku neno kwa neno ukiwa Nairobi, utatoa kitu kigumu cha kutafuna mpaka taya ziume, na utadhani mkono wako ndio mbaya.

Shida ni mwinuko. Mapishi ya huku husema chemsha shira hadi 240 za Fahrenheit, yaani kama 115 za Selsiasi. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari, maji yanapochemka kwa 100. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na maji huchemka kwa kama 94. Tunachotafuta kwenye shira ni kiasi cha maji kilichobaki ndani. Joto ni njia tu ya kukijua. Ukingoja 115 ukiwa Nairobi, maji yameshatoka kupita kiasi, umefika pale ambapo mtu wa Mombasa hufika kwa 121.

Kwa hivyo kabla hujagusa sukari, chemsha maji matupu, tumbukiza kipimajoto, usome. Kikisema 94, toa 6: 115 yako ni 109. Wa Limuru mtatoa zaidi. Uzuri wake ni kwamba hata kipimajoto kikiwa na kasoro ndogo, hesabu hii inaifidia. Huna kipimajoto? Dondosha tone la shira kwenye maji baridi. Likijikusanya kuwa donge laini linalobonyea kwa vidole, epua hapo hapo.

Sasa vipimo. Gelatini ya unga gramu 20, iloweke kwenye maji baridi mililita 120 ndani ya bakuli la kupigia. Sukari gramu 300, glukosi gramu 250, maji mililita 100 na chumvi kidogo viende kwenye sufuria. Glukosi ninayosema ni ile nzito kama asali, ya maduka ya vifaa vya keki, si ya unga ya kukoroga na kunywa. Kazi yake ni kuzuia sukari isirudi kuwa chembe. Kuhusu gelatini, soma pakiti: nyingi hutokana na nguruwe, kwa hivyo ndugu zetu Waislamu watafute ya ng'ombe yenye alama ya halali. Agaagari, ile ya mwani, hugandisha, lakini haivutiki hivi.

Kabla ya kuwasha moto, andaa vitanda vya mayai. Chukua konflawa, ule wanga mweupe laini, wala si unga wa ugali. Unga wa ngano mbichi usiutumie, unaweza kubeba vijidudu na huu hauendi kupikwa tena. Pasaka huangukia msimu wa mvua huko, na wanga wenye unyevu hunata, basi uanike kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa nusu saa au ukaange kwa moto mdogo bila kuubadilisha rangi. Ukipoa, chekecha kwenye trei, kina cha sentimita 4. Yai lililochemshwa likaiva, likaoshwa na kukaushwa, lilaze ubavu, ulibonyeze hadi nusu, ulinyanyue wima. Acha kidole kimoja kati ya shimo na shimo, kuta zisibomoke.

Shira ikifika kipimo, epua, ngoja povu litulie kama dakika moja, kisha imwage kwa uzi mwembamba juu ya gelatini huku mashine ikizunguka polepole. Ukiimwaga yote kwa mpigo ikiwa bado inatokota, unaidhoofisha gelatini. Ongeza kasi, piga dakika 10 hadi 12, au 15 kwa mashine ya mkono. Weka vanila vijiko 2 vya chai mwishoni. Imekuwa tayari bakuli likiwa vuguvugu na uzi unaodondoka ukikaa juu kidogo kabla ya kuzama. Stima ikipotea katikati, usimwage. Ikirudi, weka bakuli juu ya maji ya moto mpaka uji ulegee, upige upya.

Hapa ndipo haraka inatakiwa. Una dakika chache tu kabla haijashika. Jaza mfuko wa kupambia keki, jaza mashimo, nyunyiza wanga juu, uache usiku kucha bila kufunika. Friji hapana! Unyevu wake utayafanya yatoe jasho. Asubuhi yapanguse kwa brashi laini kwa makini, maana palipobaki wanga chokoleti haishiki.

Chokoleti ya kuvika, gramu 600. Soma viungo. Ikiwa mafuta yake ni ya mawese, yeyusha tu uchovye. Ikiwa ni siagi ya kakao, lazima uirekebishe joto: chokoleti nyeusi, yeyusha theluthi mbili hadi 45, ongeza theluthi iliyokatwakatwa, koroga mpaka ishuke 31 au 32. Ya maziwa ishuke 29 au 30. Na hapa tafadhali usitoe zile 6! Mwinuko hubadilisha kuchemka, haubadilishi kuyeyuka kwa siagi ya kakao. Chovya ncha ya kisu. Ikikauka na kung'aa ndani ya dakika 5, endelea. Ikibaki na michirizi ya kijivu, rudia. Mvuke nao ni adui, tone moja la maji hugeuza chokoleti kuwa tope gumu.

Paka chokoleti sehemu bapa kwanza, iache ikauke, ndipo uchovye yai zima kwa uma na kugonga uma ukingoni. Chokoleti ikiwa moto sana inayeyusha mashmelo ndani, hewa inatoka na kuacha vitundu, na kesho yake utaona shira inalia kupitia hapo. Ukiona kitundu, kizibe kwa tone la chokoleti siku hiyo hiyo.

Jiko la Nairobi la nyuzi 20 na kitu ndilo hasa chokoleti inalolipenda, litakausha bila friji. Wa Mombasa, chovyeni alfajiri. Yakishakauka, yafungie kwenye kopo lisiloingiza hewa, yatakaa wiki mbili. Ule wanga chekecha, ukaushe tena, uuweke kwenye chupa uliyoiandika, mwakani utautumia tena.