Mtafute Asiyelipa

Asanteni. JOIN, amri ya kuunganisha majedwali katika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, mnaijua, sitarudi huko. Nimekuja Kisumu na lile lile langu: kosa la kujibu swali la "wote" kwa kuwatazama waliopo tu. Walionisikia Nakuru wanivumilie, maana bado naliona kwenye kazi zenu.

Chukueni vikundi vya akina mama wanaouza samaki Dunga. Majedwali matatu: vikundi, wanachama, malipo. Mweka hazina anauliza: ni vikundi vipi ambavyo wanachama wote wamelipa mchango wa Machi? Kijana anaunganisha majedwali, anaandika sharti la kuchuja, WHERE m.mwezi = '2025-03', anapanga kwa kikundi, ripoti hiyo! Kikundi amelipa mama mmoja, wenzake hawajatoa hata shilingi, na kimo kwenye orodha. WHERE hupima rekodi moja moja, kabla makundi hayajaundwa. Asiyelipa hana rekodi ya malipo, kwa hiyo JOIN ilishamtupa nje zamani.

Geuzeni swali. Waacheni waliolipa, mtafuteni asiyelipa. Akikosekana, kikundi kimepita. NOT EXISTS someni "hakuna":

SELECT k.jina FROM vikundi k
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM wanachama w
  WHERE w.kikundi_id = k.id
  AND NOT EXISTS (
    SELECT 1 FROM malipo m
    WHERE m.mwanachama_id = w.id
    AND m.mwezi = '2025-03'));

Namwona anayenung'unika pale nyuma: "Mwalimu, kukanusha mara mbili kunaumiza kichwa, mimi nitahesabu kwa HAVING, sharti linalopima makundi yakishaundwa." Hesabu basi! Lakini ukilinganisha idadi ya malipo na idadi ya wanachama, mama aliyetuma M-Pesa kwa awamu mbili atamfunika jirani ambaye hajatuma kitu. Hesabu watu, kwa COUNT(DISTINCT m.mwanachama_id). Na ukitumia LEFT JOIN, ile inayobakiza hata wasio na malipo, sharti la mwezi likae kwenye ON, pale unapounganishia majedwali. Ukilishusha kwenye WHERE, umewafukuza wasiolipa tena, halafu unashangaa kila kikundi kimelipa!

Si ugonjwa wa jana. Edgar Codd wa IBM, aliyebuni mfumo wa hifadhidata za majedwali, alishauwekea operesheni ya mgawanyo, yaani kutafuta waliotimiza orodha yote, mwaka 1972. SQL haina alama ya mgawanyo, ndiyo maana tunazunguka hivi.

Haraka sasa, mwenyekiti ananionyesha saa. Kikundi kisicho na mwanachama hata mmoja kitapita swali langu la juu. Kama hukitaki, ongeza EXISTS ya kuhakikisha kina mwanachama. NOT IN, yaani "hayumo kwenye orodha hii", iogopeni: NULL moja, thamani isiyojulikana, ndani yake, unapata orodha tupu bila onyo lolote. Faharasa (index) ya kuharakisha utafutaji iwe kwenye mwanachama_id na mwezi pamoja. Ya kasi tutayaacha. Haya, maswali, na asiniulize mtu kuhusu Excel.