Shati Halina Uraia Mmoja: Kanuni za Uasilia wa Bidhaa kwa Wauzaji wa Nguo na Viatu Nje ya Nchi

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wenye viwanda na karakana mliofika, na wanafunzi wa biashara na forodha, nashukuru kwa mwaliko huu. Niliombwa nizungumzie ushuru ambao bidhaa zetu hutozwa katika masoko ya nje, nami nikaomba ruhusa ya kuisogeza mada kidogo, kwa sababu kwa muuzaji wa nguo na viatu ushuru ulioandikwa kwenye mkataba ni nusu tu ya habari. Mkataba unaweza kusema ushuru ni sifuri, na bado kontena lako likatozwa ushuru kamili bandarini bila mtu yeyote kuuvunja mkataba huo. Kinachoamua ni kanuni za uasilia wa bidhaa, yaani masharti yanayojibu swali moja: bidhaa hii, machoni pa forodha, imetoka wapi?

Kwa korosho swali hilo halina tabu. Ikiota Mtwara ni ya Tanzania. Shati ndilo lenye kesi. Pamba yake huenda imelimwa Simiyu, ikachambuliwa, ikauzwa nje ikiwa marobota, ikasokotwa na kufumwa huko Asia, kisha kitambaa kikarudi Dar es Salaam katika majora, kikakatwa na kushonwa hapa, kikatiwa vifungo vilivyonunuliwa kwingine kabisa. Aliyeshona ataapa kwamba shati ni la kwetu. Afisa wa forodha hasikilizi kiapo, anahesabu hatua. Pamba kuwa uzi ni hatua, uzi kuwa kitambaa ni hatua, kitambaa kuwa vazi ni hatua. Kila mkataba huamua ni hatua ngapi zifanyike ndani ya nchi au kanda husika, na kila mkataba huhesabu kwa namna yake.

Tulifuate shati hilo hilo moja. Likienda Umoja wa Ulaya kutoka Tanzania, linapita bila ushuru, kwa kuwa sisi tumo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na tangu 1 Januari 2011 nguo za kundi hilo zinatakiwa kupitia hatua moja tu: kitambaa kiwe cha popote, mradi vazi limeshonwa hapa. Kabla ya tarehe hiyo zilitakiwa hatua mbili, kuanzia uzi, na shati letu lingelipa ushuru ambao kwa mavazi mengi ni asilimia 12. Shati halikubadilika hata mshono mmoja. Kilichobadilika ni kifungu kimoja cha kanuni. Wanufaika wakubwa wa badiliko hilo walikuwa Bangladesh na Cambodia, ambao tayari walikuwa na karakana kubwa zikisubiri mlango ufunguliwe.

Jirani yetu Kenya hayumo katika kundi hilo, kwa hiyo anaingia Ulaya kwa mlango mwingine, mkataba wa ubia wa kiuchumi ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Viwanda viwili, kimoja Nairobi na kimoja Arusha, vinaweza kushona vazi linalofanana kabisa kwa kitambaa kutoka jora moja, na makaratasi yao yakawa mbalimbali.

Sasa tuligeuze shati lielekee Johannesburg. Itifaki ya biashara ya SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika), iliyoanza kutekelezwa mwaka 2000, kwa mavazi inadai hatua mbili. Shati letu la kitambaa cha kuagiza linaanguka hapo. Ndiyo maana ilibidi Malawi, Msumbiji, Tanzania na Zambia zipewe kwa muda dirisha la mgawo wa kuuza nguo za hatua moja katika umoja wa forodha wa kusini, SACU, ambamo Afrika Kusini imo. Naomba mlitafakari hilo: Ulaya imetulegezea kuliko majirani zetu. Na katika Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo biashara yake ilianza rasmi 1 Januari 2021, kanuni za nguo zilikuwa miongoni mwa zile zilizobaki mezani wakati sekta nyingine zimeshakubaliana. Nchi yenye vinu vya kusokota na kufuma inataka hatua mbili ili vinu vyake vipate wateja. Nchi yenye cherehani peke yake inataka hatua moja ili cherehani zisisimame. Kila upande unasema unailinda Afrika, na kila upande una haki kwa kiasi chake.

Walio wakali kuliko wote ni Wamarekani katika mikataba yao ya kubadilishana nafuu za ushuru. Katika NAFTA ya 1994, mkataba wa Marekani, Kanada na Meksiko, na katika mingi iliyofuata, kanuni ya kawaida imekuwa kwamba vazi lianzie kwenye uzi: uzi usokotwe, kitambaa kifumwe na nguo ishonwe ndani ya nchi wanachama. Vietnam ilikutana na sharti la aina hiyo hiyo katika mkataba wa Pasifiki, CPTPP, ingawa washonaji wake walikuwa wamezoea kitambaa cha China.

Kwetu sisi, Wamarekani hao hao walilegeza, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye somo kubwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iitwayo AGOA, iliyoziruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika kuingia huko bila ushuru, iliweka kanuni kali ya kitambaa cha Marekani au cha kanda, kisha ikafungua mlango wa pembeni kwa nchi ambazo pato la kila mtu lilikuwa chini ya dola 1,500 mwaka 1998: hizo ziliruhusiwa kutumia kitambaa cha nchi yoyote. Kenya, Tanzania, Uganda, Lesotho na Madagascar zikapita; Afrika Kusini, yenye viwanda vya vitambaa, haikupita. Vifungo, zipu, lesi na uzi wa kushonea navyo vingeweza kutoka popote, mradi gharama yake isizidi asilimia 25 ya gharama ya vipande vyote vya vazi.

Faida yake ionekane kwa hesabu. Ushuru wa kawaida wa Marekani kwa fulana ya pamba ni asilimia 16.5, na kwa fulana ya nyuzi za viwandani, kama poliesta, ni asilimia 32. Fulana ikithaminiwa dola 3, nafuu ya pamba ni senti 49 na nusu, na nafuu ya poliesta ni senti 96. Mwenye karakana anayejua kuhesabu ataenda wapi? Ataenda kwenye poliesta, naye hatakuwa amekosea. Basi sisi tunaolima pamba Shinyanga na Simiyu tunavutwa na kanuni na ushuru, vikishikana mikono, kushona kitambaa tusichokitengeneza, huku pamba yetu ikiendelea kupanda meli ikiwa marobota. Mkulima wa pamba hamo katika mpango huo, hata kama jina la nchi yake limo.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kukaza kanuni, ili mshonaji alazimike kutafuta uzi wa nyumbani, na mwenye mtaji avutwe kujenga kinu. Mfano wanaoutaja ni Lesotho. Mlango wa kitambaa cha nje ulipangwa kufungwa 30 Septemba 2004, na mwaka huo huo kampuni ya Taiwan ikafungua mjini Maseru kiwanda kikubwa cha kufuma denim, yaani kitambaa cha jinzi. Ni kweli. Lakini someni habari hadi mwisho. Julai 2004 mlango ukaongezewa muda hadi 2007. Desemba 2006 ukaongezewa hadi 2012, safari hii kukiwa na sharti kwamba vitambaa vinavyopatikana kwa wingi Afrika, denim ikiwemo, vitumike kwanza. Na 2008 sharti hilo nalo likafutwa. Aliyejenga kwa kuiamini tarehe akajikuta anashindana na kitambaa kile kile ambacho sheria iliahidi kukiondoa.

Mwaka 2012 ikaja taabu ya upande wa pili. Muda wa mlango ulikuwa unaisha Septemba, na Bunge la Marekani halikuuongeza hadi Agosti. Mnunuzi wa New York huagiza miezi mingi kabla, kwa hiyo oda zilipungua Kenya, Lesotho na Swaziland (leo Eswatini) wakati sheria ingali hai kabisa. Mashine zilisimama kwa hofu ya tarehe. Mwaka 2015 walau ikatolewa miaka kumi, hadi 30 Septemba 2025, na hiyo ndiyo nafasi ndefu kuliko zote tulizowahi kupewa.

Msimamo wangu, basi, ni huu: mabishano ya kanuni kali na kanuni legevu yanatupotezea muda kwa sababu yanaliacha swali la muda. Kinu cha kusokota uzi ni mkopo wa miaka mingi, umeme usiokatika, maji na mafundi waliofunzwa. Hakuna benki itakayokopesha kinu kwa kutegemea kanuni ya miaka mitatu. Cherehani, kwa upande wake, huhamishika. Mwenye nazo hupakia na kwenda nchi nyingine. Tuliona Ethiopia: bustani ya viwanda ya Hawassa ilifunguliwa 2016, na nchi ilipotolewa katika AGOA kuanzia 1 Januari 2022, baadhi ya wanunuzi walikuwa wameshaondoka. Kanuni ya muda mfupi huzaa viwanda vya kushona tu, iwe kali au legevu.

Mtaniwia radhi nitaje kanga kwa kupita. Katika kanuni za Ulaya, kitambaa kinaweza kupata uasilia hata kwa kuchapwa, kikifanyiwa pia angalau kazi mbili za kuandaa au kukamilisha, kama kukipausha, mradi thamani ya kitambaa kabla ya kuchapwa isizidi asilimia 47.5 ya bei ya kiwandani. Kwa watu wenye mazoea ya muda mrefu ya kuchapa kanga na vitenge, nafasi hiyo inastahili kupigiwa hesabu kuliko inavyopigiwa sasa.

Kuhusu viatu, hesabu haifuati hatua. Ulaya hukubali karibu malighafi yoyote, isipokuwa sehemu ya juu ya kiatu ambayo imekwisha kuunganishwa na soli ya ndani. Ukiagiza kiatu kikiwa hivyo ukabandika soli ya nje, kiatu si chako. Sehemu ya juu peke yake, isiyounganishwa na kitu, haimo katika katazo hilo, na tofauti ya makontena hayo mawili ni mshono mmoja.

Marekani hupima thamani. Chini ya AGOA, malighafi za hapa pamoja na gharama za moja kwa moja za uzalishaji zilitakiwa kufika asilimia 35 ya thamani ya kiatu. Tuseme kiatu ni cha dola 12. Kizingiti ni dola 4 na senti 20. Mishahara ya mafundi na umeme wa mashine vikiwa dola 2 na senti 10, na ngozi iliyochakatwa nyumbani ikiwa dola 3, mmefika dola 5 na senti 10, mmepita. Mkiagiza ngozi hiyo kutoka nje ikiwa tayari, mnabaki na asilimia 17 na nusu. Faida haihesabiwi, wala mishahara ya ofisi, wala matangazo. Nimewahi kukaa na mwenye karakana aliyekuwa amejumlisha vyote hivyo kwa nia njema kabisa, na nikamwona akivifuta kimoja kimoja kwenye karatasi yake hadi akabaki chini ya kizingiti. Viatu vilikuwa vizuri sana. Ngozi ilikuwa ya kuagiza, wakati ng'ombe wa nchi hii ngozi zao zinauzwa mbichi.

La mwisho ni makaratasi. Nguo za AGOA zilihitaji muhuri wa mviringo, wa wino wa buluu, mbele ya ankara halisi ya biashara. Ulaya siku hizi msafirishaji aliyesajiliwa hujithibitishia mwenyewe uasilia wa bidhaa, jambo lililopokewa kwa shangwe, ila kujithibitishia kuna maana kwamba mzigo wa ushahidi umehamia mezani kwako. Kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitatu: ankara ya majora, hati ya kuingizia kitambaa, daftari la kukatia, orodha ya waliokuwa zamu. Forodha za Ulaya zikiuliza baada ya miaka miwili na ukashindwa kujibu, anayedaiwa ushuru kwanza ni mnunuzi wako, naye hatasubiri mwezi kukupigia simu.