Urani Inayobaki na Urani Inayokwenda na Maji

Mhadhara uliotolewa jijini Mwanza mbele ya walimu, wanafunzi na wachenjuaji wa madini

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu jioni hii.

Nianze na mawe yetu. Granaiti hii inayotuzunguka, ile iliyosimama ziwani na ile ambayo watu wamejenga nyumba juu yake kule Mabatini, ni jamii ya mwamba ambao kwa wastani wa dunia hubeba gramu tatu hadi nne za urani katika kila tani. Nyie mliotoka Geita na Misungwi mnajua gramu tatu za dhahabu kwenye tani ya mawe zina maana gani. Katika ganda la dunia urani imeizidi dhahabu mara mamia kadhaa. Kilicho adimu ni mahali ilipokusanyika kwa wingi, na kazi ya kuikusanya hufanywa na kemia.

Nimekuja na neno moja tu. Watu wakisikia urani huuliza mionzi. Ni swali la haki, nami nitalifikia. Lakini ukitaka kujua kama urani itakaa ilipo au itafika kwenye kisima chako, uliza kwanza atomu yake imepoteza elektroni ngapi.

Hali mbili ndizo muhimu. Ikipoteza elektroni nne hufanya oksidi nyeusi, nzito, ambayo karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Ikikutana na oksijeni ya kutosha hupoteza sita. Hapo hujishikiza na atomu mbili za oksijeni, moja kila upande, zikakaa kwenye mstari ulionyooka, tukapata ayoni, yaani kundi la atomu lenye chaji ya umeme, inayoitwa uranili. Uranili ni ya njano na huyeyuka vizuri, hasa maji yakiwa na kaboneti. Maji ya mvua yenye hewa hupita kwenye granaiti, huichukua urani kidogo kidogo na kwenda nayo. Yakifika chini ardhini mahali pasipo na oksijeni, penye mabaki ya mimea ya kale au madini ya salfaidi, yaani yenye salfa, uranili hurudishiwa elektroni mbili na urani hutuama. Mpe mwamba muda mrefu, utapata machimbo.

Ndivyo inavyoelezwa hazina ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo: urani iliyokaa ndani ya mawe ya mchanga ya Karoo, zama za kale sana za kijiolojia. Ile ya Bahi na Manyoni ni habari nyingine. Kule maji hukauka juani, na urani ya njano hubaki kwenye tabaka za chokaa karibu na uso wa ardhi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Afrika, Oklo, nchini Gabon. Mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa waliona kwamba urani ya huko ilikuwa na upungufu. Urani yote ya asili duniani ina asilimia 0.72 ya isotopu 235, yaani aina ya atomu za urani iliyo nyepesi kidogo kuliko 238 iliyo nyingi, na ndiyo inayopasuka kwa urahisi. Sampuli yao ilionyesha 0.717. Pengo ni dogo mno, lakini hawakulipuuza. Ilibainika kwamba miaka bilioni mbili hivi iliyopita, isotopu hiyo ilipokuwa bado karibu asilimia 3, urani ya Oklo iliwaka yenyewe ikiwa imelowa maji, yaani atomu zake zilipasuka mfululizo, kinu cha nyuklia ambacho hakikujengwa na mtu. Kwa nini wakati ule? Kwa sababu oksijeni ilikuwa imeshaongezeka hewani, na bila oksijeni urani isingeyeyuka ikasafiri na kukusanyika pale. Na baada ya kuwaka, oksidi ile nyeusi ilikaa palepale, na plutoni, metali ya mionzi iliyozaliwa ndani yake, haikwenda mbali. Mimi nikiulizwa taka za nyuklia zihifadhiwe vipi, mwalimu wangu wa kwanza ni mwamba ule.

Uchenjuaji wake hautawashangaza. Kama dhahabu inavyohitaji sianidi na hewa, urani huhitaji asidi ya salfa pamoja na kitu cha kuiongezea oksijeni, ili ile nyeusi igeuke uranili. Mawe yakiwa na chokaa nyingi asidi huliwa bure, hivyo hutumika soda ya kaboneti. Mwisho hupatikana unga, wa njano au wa kijani cheusi kutegemea umekaushwa kwa joto gani.

Unga huo hugeuzwa heksafloridi, yaani urani iliyoungana na florini, inayokuwa gesi kwenye nyuzi 56 tu. Florini ya asili ina isotopu moja pekee, hivyo tofauti ya uzito kati ya molekuli hutokana na urani yenyewe, na mitungi inayozunguka kwa kasi kubwa huitenganisha mpaka 235 ifike asilimia 3 hadi 5.

Sasa fueli. Mtu angedhani metali tupu ya urani ndiyo bora, kwani uzito wake unakaribia wa dhahabu. Lakini kwenye nyuzi 668 fuwele zake hubadilika umbo, kinuni huvimba, na maji ya moto huishambulia. Ndiyo maana vinu vingi hutumia ile oksidi nyeusi. Hukandamizwa kuwa vidonge vya sentimita moja hivi, huokwa karibu nyuzi 1,700 ndani ya haidrojeni ili isipate oksijeni ya ziada, kisha hupangwa kwenye mirija ya metali ya zirkoni. Haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,800, na fuwele zake zina nafasi wazi za kupokea mabaki ya atomu zilizopasuka.

Udhaifu wake ni kwamba hupitisha joto vibaya, hivyo katikati ya kidonge joto huzidi nyuzi 1,000 huku pembeni likiwa mamia machache. Oksijeni ikizidi kidogo tu, hali huwa mbaya zaidi. Na mrija ukitoboka, hewa ya moto ikaingia, oksidi hugeuka, hutanuka kwa zaidi ya theluthi, husagika unga na kuupasua mrija.

Nirudi kwenye mionzi na maji. Urani 238 hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.5, hivyo mionzi yake ni ya polepole. Urani ikishatolewa, karibu asilimia 85 ya mionzi ya mawe hubaki kwenye marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, kwa sababu thoriamu na radiamu zimebaki humo. Kwa hiyo anayepewa leseni aulizwe kwanza habari za bwawa la marudio: sakafu yake, ukuta wake, na nani atalilinda mgodi ukifungwa.

Kwenye maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 za urani kwa lita, na sababu yake ni figo: urani iliyoyeyuka huziumiza kama metali nzito, mbali na mionzi. Matope meusi ya mafunjo, kwa kuwa hayana oksijeni, yanaweza kuinasa. Yakichimbwa na kukaushwa, huiachia tena. Basi anayekuja kupima asitosheke na kifaa cha mionzi alichoshika mkononi. Achukue maji, apime urani iliyoyeyuka, oksijeni na kaboneti, kiangazi na masika.

Karibuni kwa maswali. Naona mama pale nyuma ameshanyoosha mkono.